Jalada la Mauaji Lina Waandishi Wengi

Vijana wanaotaka kuandika visa vya kweli vya mauaji ya zamani huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nitafute kesi gani ambayo muuaji wake hakujulikana? Wanaamini kwamba fumbo likiwa zito, kitabu kitakuwa kitamu. Msimamo wangu ni kwamba swali hilo huwapoteza kabla hawajaanza. Mtafiti wa jinai za kale akijiona askari mpelelezi aliyechelewa kufika kwenye tukio, atatumia miaka kumwinda mtu ambaye ushahidi dhidi yake umeshapotea, na mwisho ataandika dhana yake na kuiita ugunduzi. Kinachoweza kuchunguzwa kwa uhakika, na chenye manufaa kwa msomaji, ni jinsi kesi yenyewe ilivyotengenezwa: nani aliona, nani aliandika, nani aliamua kipi kiingie katika jalada na kipi kiachwe, na marehemu aligeuzwa kuwa mtu wa namna gani kadiri karatasi zilivyopita mkono hadi mkono.

Uharibifu unaoletwa na shauku ya kumtaja muuaji unaonekana wazi katika mauaji ya Whitechapel, London, ya mwaka 1888, yale ya anayeitwa Jack the Ripper. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vimemtaja daktari huyu, mchoraji yule, hata mjukuu wa Malkia Victoria. Nguzo mojawapo ya vitabu hivyo ni waraka wa mwaka 1894 ulioandikwa na Melville Macnaghten, ofisa wa juu wa polisi ya London, wenye majina matatu ya washukiwa. La kwanza ni Montague Druitt. Macnaghten anamweleza kama daktari, na katika nakala moja ya waraka anampa umri wa miaka 41 hivi. Druitt alikuwa wakili na mwalimu wa shule, na alipokufa mwishoni mwa 1888 alikuwa na miaka 31. Macnaghten mwenyewe aliingia polisi mwaka 1889, mauaji hayo yakiwa yameshapita. Basi mtu aliyeandika baada ya miaka 6, akitegemea masimulizi ya wenzake, akakosea kazi na umri wa mshukiwa wake wa kwanza, ndiye anayesimamishwa kizimbani kama shahidi mkuu. Anayeianza kazi hii aizoeze akili yake kuuliza juu ya kila karatasi: mwandishi wake alikuwa mbali kiasi gani na tukio, kwa miaka na kwa idadi ya midomo? Na aliandika ili nani asome?

Mwaka 2019 Hallie Rubenhold alichapisha The Five, kitabu kinachowafuata wanawake watano waliouawa: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Muuaji hana nafasi humo. Rubenhold alipekua rejista za ndoa na vizazi, kumbukumbu za nyumba za maskini na ripoti za uchunguzi wa vifo, akaonyesha kwamba kwa watatu kati yao hakuna ushahidi wa kuaminika kuwa walikuwa makahaba, ingawa polisi na magazeti waliwapachika jina hilo na vizazi vya waandishi vikalinakili bila kuuliza. Hata majalada ya awali ya uchunguzi wa vifo vyao hayakusalia yote. Ni ya Eddowes na Kelly tu yaliyopo, na kwa wengine mtafiti analazimika kulinganisha taarifa za magazeti neno kwa neno. Kitabu hicho hakikuhitaji hati ya siri iliyofukuliwa darini. Kilizisoma kwa swali jipya karatasi ambazo wengine walizipita mbio wakikimbilia kisu.

Huku kwetu, kesi ya mauaji ya wakati wa ukoloni iliyoandikwa kuliko zote ni ya mlowezi wa Kizungu, Lord Erroll. Alfajiri ya 24 Januari 1941 alikutwa amekufa ndani ya gari lake aina ya Buick karibu na njia panda ya Karen, nje ya Nairobi, ana jeraha la risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mke wake alikuwa na uhusiano wa mapenzi na Erroll, akashtakiwa. Kesi ilianza 26 Mei, na 1 Julai juri ya Wazungu watupu ikamwachia huru. Wakili wake, Harry Morris wa Afrika Kusini, aliishika hoja moja ya kitaalamu na hakuiachia: alama kwenye risasi zilionyesha zimetoka katika mtutu wenye mifereji mitano inayozunguka kulia, ilhali bastola za Colt, ambazo upande wa mashtaka uliziegemea, zina mifereji sita inayozunguka kushoto. Broughton alijiua mwaka uliofuata katika hoteli moja ya Liverpool. James Fox akaandika White Mischief mwaka 1982, filamu ikafuata mwaka 1987, na tangu hapo kila baada ya muda hutokea mwandishi mwenye muuaji mpya mfukoni.

Kitabu cha Fox kina utafiti wa kweli na ninakiheshimu. Lakini tazama waliolikuta gari. Walikuwa Waafrika waliokuwa wakipeleka maziwa mjini usiku ule. Ndio waliofika mwanzo, kabla ya polisi, kabla gari halijaondolewa, kabla mtu hajajua kuwa haikuwa ajali ya barabarani. Katika masimulizi mengi wanapewa sentensi moja, kisha wanatoweka, na nafasi yao inachukuliwa na karamu, mapenzi na champeni ya Bonde la Wanjohi. Mwandishi kijana wa Nairobi, Arusha au Kampala anayeuliza nini kimebaki cha kuandikwa juu ya kesi ile, jibu lake liko hapo mwanzoni kabisa: madereva na watumishi wa nyumbani waliona nini, waliulizwa nini, na jibu lao liliandikwa vipi.

Sasa rudi nyuma miaka 9, hukohuko Kenya. Mwaka 1932 walipandishwa kizimbani watu 70 kwa pamoja. Kesi iliitwa kwa jina la Kumwaka wa Mulumbi na wenzake 69, wote Wakamba, kwa kumpiga fimbo hadi kufa mwanamke aitwaye Mwaiki waliyeamini kuwa amemroga mke wa Kumwaka. Watu 60 walihukumiwa kunyongwa. Mjadala ulifika hadi Uingereza, na hatimaye adhabu ya kifo ikabadilishwa kuwa kifungo. Katherine Luongo ameichambua kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu uchawi na utawala wa kikoloni nchini Kenya. Hakuna fumbo la nani aliua. Hata hivyo ukiniuliza kati ya kesi hizi mbili ipi itamfundisha mwandishi kazi, nitasema hii, tena bila kusita. Humo kuna sheria iliyotoka ng'ambo ikikutana na watu waliodhani wanaulinda mji wao. Kuna serikali inayotaka kuonyesha nguvu lakini inaogopa kunyonga watu 60 kwa mpigo. Na kuna mwanamke aliyekufa ambaye jina lake halimo hata katika jina la kesi.

Ili mtu aweze kuisoma kesi ya namna hiyo, lazima ajue jalada linavyozaliwa. Katika makoloni yetu, mauaji yalipotokea kijijini, habari ilifika kwanza kwa mzee au chifu, naye akaipeleka polisi au kwa mkuu wa wilaya. Hapo tayari kuna mtu mmoja mwenye cheo aliyeamua kisa hiki kiende bomani na kile kimalizwe kwa fidia barazani. Mashahidi wakaitwa. Walisema kwa lugha ya kwao, mkalimani akaipeleka kwa Kiswahili au Kiingereza, na hakimu akaandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza, kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba shahidi amesimulia mfululizo bila kukatizwa. Maswali hayakuandikwa. Hili ndilo jambo ambalo wanaoanza hulikosa zaidi, nami nalirudia kila ninapopata nafasi: majibu yaliyomo katika jalada yamefutiwa maswali yake. Ukikuta shahidi anasema, "Sikumwona akiwa na panga. Hatukuwahi kugombana kuhusu shamba," usidhani aliamua mwenyewe kulitaja panga na shamba. Aliulizwa. Mtu wa mashtaka au hakimu alikuwa na dhana ya panga, na dhana ya ugomvi wa shamba. Soma ukurasa mzima hivyo, ukirudisha kila swali mahali pake, na utaanza kuwasikia watu wawili pale ulipodhani anasema mmoja.

Kisha kuna jambo la kusikilizwa mara mbili. Kesi ya mauaji ilianza kwa uchunguzi wa awali mbele ya hakimu wa wilaya, ndipo ikapelekwa mbele ya jaji. Shahidi yuleyule alisema tena, huenda miezi baadaye, huenda kwa mkalimani mwingine. Weka maelezo hayo mawili sambamba. Pale yanapofanana mno, jiulize ni nani aliyemkumbusha. Pale yanapotofautiana, usikimbilie kumwita mwongo, kwa maana mara nyingi kilichobadilika ni swali. Mzungu nchini Kenya alikuwa na haki ya juri, kama alivyokuwa nayo Broughton. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao yaliandikwa lakini hayakumfunga jaji. Maoni hayo huwa mafupi sana, pengine mistari miwili kwa kila mzee, na mtafiti mvivu huyaruka. Usiyaruke. Ndipo mahali pekee katika jalada zima ambapo watu wanaoijua jamii ya mshtakiwa wanaulizwa wanafikiri nini, na pale wazee wote wanaposema hana hatia na jaji akamtia hatiani, umepata sura ya kitabu chako.

Baada ya hukumu kulikuwa na rufaa katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na baada ya rufaa lilibaki ombi la huruma kwa gavana. Nyaraka za ombi hilo hazikai katika jalada la mahakama; zilikwenda sekretarieti, na mara nyingi zimehifadhiwa katika mfululizo tofauti kabisa. Ndani yake mkuu wa wilaya alitakiwa kueleza mhukumiwa ni mtu gani, watu wa kwao wanasema nini, na kunyongwa kwake kutaleta athari gani. Nimeona waandishi wakilalamika kuwa mshtakiwa wao hana sura, ilhali sura yake iko katika boksi la chumba cha pili ambalo hawakuliomba.

Na sheria nayo ina tarehe. Kenya na Tanganyika zilipata kanuni mpya za adhabu mwaka 1930. Kabla ya hapo mahakama zilitumia Kanuni ya Adhabu ya India. Mwaka 1941, katika rufaa ya Fabiano Kinene na wenzake kutoka Uganda, waliomuua mtu waliyemkuta usiku akitambaa uchi katika boma lao, mahakama ilikubali kwamba kumfumania mtu anayeaminika kuwa anaroga papo hapo kunaweza kuwa uchokozi wa kupunguza kosa la mauaji, likawa la kuua bila kukusudia. Anayeandika juu ya Kumwaka bila kujua uamuzi huu uliofuata atakosa kumwonyesha msomaji kwamba majaji wenyewe walikuwa bado wanahangaika na jambo hili miaka 9 baadaye. Anayeujua, lakini akaupeleka nyuma hadi 1932 na kuwashangaa majaji kwa kutoutumia, atakuwa ameandika ujinga. Sheria isomwe kama ilivyokuwa siku ya tukio.

Naomba sasa niyajibu mawazo yanayoenea. La kwanza ni kwamba ushahidi wa mahakamani ni wa kweli kwa sababu ulitolewa kwa kiapo, na hati ya serikali ni ya kweli kwa sababu ina muhuri. Jibu langu ni Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliozuiliwa kwa tuhuma za Mau Mau walikufa katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana. Taarifa ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Uchunguzi wa vifo ulionyesha walikufa kwa kipigo. Walikuwa wamepigwa na askari wa magereza katika kutekeleza mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi. Bunge la Uingereza lilijadili vifo hivyo usiku wa manane mwezi Julai mwaka huo, na hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Mtafiti ambaye angeishia kwenye taarifa ya kwanza, yenye tarehe, sahihi na nembo, angeandika historia ya maji machafu. Nakazia hapa kwa sababu jinai ya Hola ina sehemu mbili, kuua na kuandika, na sehemu ya pili ilitendwa ofisini na watu waliovaa tai.

Hola inafundisha pia juu ya karatasi ambazo hazipo. Wakati wa kuondoka, Waingereza waliteketeza nyaraka nyingi za makoloni na nyingine wakazisafirisha kimyakimya. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee Wakenya walioteswa kambini, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa inayo hifadhi ya siri huko Hanslope Park. Upande wa Kenya peke yake ulikuwa na majalada yapatayo 1,500. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wanahistoria walikuwa wameshafanya kazi bila hifadhi hiyo: David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alitumia majalada ya kesi za hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau yaliyobaki Nairobi, akahesabu watu 1,090 walionyongwa. Hizo ni kesi zenye majina, vijiji, mashahidi na hukumu. Nyingi hazijaandikwa moja moja, na sioni kwa nini mwandishi wa Kiswahili aendelee kumtafuta muuaji wa Erroll wakati majalada haya yanamsubiri.

Wazo la pili ni kwamba sayansi ya leo itatatua kila kitu. Mwaka 2014 ilitangazwa kwa kishindo kuwa vinasaba kutoka katika shali inayodaiwa kuwa ya Catherine Eddowes vimemfichua Jack the Ripper. Wataalamu wengine walipokagua wakasema badiliko la kinasaba lililodaiwa kuwa la nadra limeandikwa kimakosa, na lile halisi linapatikana kwa karibu watu wote wenye asili ya Ulaya. Hata kama maabara ingekuwa sahihi, hakuna orodha ya polisi inayoonyesha shali hiyo ilikutwa kwenye mwili, na ilishikwa na mikono mingi kwa miaka zaidi ya mia. Kielelezo kisichojulikana kilipita kwa nani hakikubaliki mahakamani. Kwa nini kikubalike kitabuni?

La tatu linanigusa zaidi kwa sababu linatoka kwa waandishi wenye vipaji. Husema kuwa pengo la ushahidi lijazwe kwa ubunifu, ilimradi "roho ya ukweli" ibaki. Mwandishi wa Marekani Truman Capote alikiita In Cold Blood, kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu mauaji, kazi ya kweli tupu. Leo inajulikana kuwa tukio la mwisho la makaburini alilibuni. Kitabu kinabaki kizuri, ila msomaji makini hukirudia akiuliza nini kingine kilibuniwa. Sisi tuna urithi mzuri wa hadithi za upelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alianza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Faraji Katalambulla akaja na Simu ya Kifo mwaka 1965, na wasomaji wetu wamelelewa na riwaya ambazo lazima zimalizike kwa mkosaji kutajwa. Nazipenda riwaya hizo. Lakini anayetaka kuzungumzisha wafu kwa maneno yake mwenyewe aandike riwaya na aiite riwaya. Akishaweka jina la mtu aliyeishi na mwaka aliouawa, kila neno lililo ndani ya alama za kunukuu liwe limetoka mahali panapoonyeshwa.

Wazo la nne ni kwamba wafu hawashtaki, basi mwandishi yuko huru. Kisheria mara nyingi ni kweli kuwa marehemu hawezi kudai fidia ya kashfa. Ila mjukuu wa Mwaiki anaweza kuwa anaishi jirani na mjukuu wa mmoja wa wale 70. Jina la uchawi halizikwi na mtu. Mwandishi anayelirudisha kijijini kwa haraka ya kuuza nakala anaweza kuamsha ugomvi utakaomwagia damu watu ambao hawakuwepo kabisa. Kwa hiyo nashauri, tena kwa mkazo, kwamba kabla kitabu hakijaenda kiwandani, mwandishi aende akawaone wazee wa pande zote mbili, awasomee yale yanayowahusu, asikilize. Si kwamba wapewe kalamu ya kufuta. Wapewe nafasi ya kusema, na walichosema kiingie kitabuni kama ushahidi mwingine, pamoja na tarehe waliyosema.

Simulizi za wazee zina thamani kubwa ila nazo zipimwe. Kilwa Kivinje bado watu wanapajua Mwembe Kinyonga, mahali Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Karatasi za Kijerumani zinamweka katika orodha ya wahalifu. Kumbukumbu ya mji inamweka kwingine kabisa. Mtafiti asiharakishe kuchagua. Kazi yake ni kuonyesha nani alikuwa na uwezo wa kuliita tendo jinai na kulifanya jina hilo lishike. Kinjikitile Ngwale, aliyechochea vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Mohoro Agosti 1905, na tungejua kidogo mno juu ya mazingira yake kama si mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa miaka ya 1968 na 1969, ambapo wanafunzi walitumwa vijijini kwao kuhoji wazee waliokumbuka Maji Maji. Yale mahojiano leo ni hazina, kwa kuwa waliohojiwa wameshaondoka.

Kwa anayeanza, ushauri wangu wa kazi ni huu. Chagua kesi moja ndogo yenye hukumu, ya wilaya unayoijua kwa lugha na kwa miguu. Omba kibali cha utafiti mapema, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kwa maana bila hicho mlango wa nyaraka huenda usifunguke. Ukifika Nyaraka za Taifa, iwe Upanga Dar es Salaam, Kilimani Zanzibar au Moi Avenue Nairobi, usiombe jalada la kesi peke yake. Omba ripoti ya mwaka ya wilaya, kitabu cha wilaya, na barua za sekretarieti za miezi ile. Andika mfuatano wa tarehe kabla hujaandika aya yoyote ya simulizi. Magazeti yasome mwisho, ukijua East African Standard lilikuwa la walowezi na Mambo Leo lilikuwa la serikali ya Tanganyika. Ukianza nayo yatakupangia nani wa kumhurumia. Na uandike ukurasa mmoja juu ya marehemu kabla ya ukurasa wowote juu ya mshtakiwa: alizaliwa wapi, alilima nini, aliacha nani. Pale usipopata kitu, acha nafasi wazi na useme ulitafuta wapi.

Yapo yasiyo katika uwezo wa kijana mmoja. Majalada ya zamani ya mahakama za mwanzo na za wilaya yako katika stoo zenye mchwa na unyevu, na kila stoo inapohitajika kwa matumizi mengine, karatasi ndizo hutolewa nje. Wasajili wa mahakama na idara za nyaraka wana uwezo wa kulikomesha hilo kwa amri ya kuorodhesha kabla ya kuharibu chochote. Wachapishaji wetu, wanaolalamika kuwa vitabu vya Kiswahili haviuziki, wamwajiri mwanasheria mstaafu asome mswada wa jinai za kale kabla ya mhariri wa lugha. Na idara za historia za vyuo vyetu zina mfano wao tayari tangu 1968: zimpe kila mwanafunzi jalada moja la wilaya ya kwao, zimfundishe kurudisha maswali yaliyofutwa, kisha zimruhusu aende na nakala yake nyumbani wakati wa likizo ndefu, akawaulize waliobaki.